Mikono Mezani

2 Februari

Mume wangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwako, ambako mpaka leo hatujahama. Mimi mzima, Bosi mzima, na bomba la jikoni linavuja pale pale ulipoliacha ukisema utalitengeneza kesho. Wewe je? Kifua kimepona? Ile fulana nzito unaivaa, au umeshaifanya tambara la kufutia viatu?

Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu hatumalizi sentensi. Mimi naanza, wewe unadakia, mimi napandisha sauti, wewe unakata, halafu kesho yake kila mmoja anasingizia mtandao. Barua utaisoma mpaka mwisho hata ukinuna, na kununa kwako mimi sitakuona. Basi nisome.

Habari ni ya Bosi na shule. Unajua tangu muhula uanze yuko kwenye kile kitengo cha watoto wenye usonji, na nilifurahi kama ulivyofurahi wewe, maana kabla ya hapo kila shule ilikuwa ikimwona tu inatuonyesha mlango. Juzi niliomba ruhusa kazini nikaenda kukaa nyuma ya darasa. Kila mtoto ana meza yake, na kiti kimeelekezwa ukutani ili asiangalie huku na huku. Mwalimu anakaa mbele yake na kusema, “Mikono mezani. Nitazame.” Mtoto akitii anapewa kipande cha biskuti. Asipotii, mwalimu anamshika mikono, anaiweka mezani mwenyewe, na wanaanza upya. Asubuhi nzima ni hivyo. Nisimsingizie mwalimu: ni binti mpole, hafoki, hapigi, na jasho linamtoka kwa bidii.

Ila Bosi alipobanwa na haja alifanya kama anavyofanya kwetu. Alimshika mwalimu kifundo cha mkono ili ampeleke msalani. Mwalimu akautoa ule mkono taratibu, akaurudisha mezani. Bosi akamshika tena, ukarudishwa tena. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa kushika watu ni tabia wanayoiondoa, kwa sababu mtoto anatakiwa kuomba kwa mdomo. Wakati tunaelezana hayo, mwanao akajikojolea kwenye kiti, mikono iko mezani.

Baba Bosi, huyu binti yetu tulimwita Bosi kwa sababu gani? Si kwa sababu tangu ajue kutembea anakukamata mkono, anakupeleka mpaka kwenye kitu anachokitaka, anauweka mkono wako juu yake na kusubiri ufanye kazi? Huo ndio mdomo wake. Sasa wanamfunga mdomo alionao kabla hajapata mwingine.

Wiki iliyopita dukani alikuja mama mmoja na mwanawe, miwani ya mama imekaliwa, kioo kimoja kimetoka. Wakati nasaga kioo kipya, yule mtoto, ambaye haongei kabisa, alichomoa kadi yenye picha ya juisi kutoka kwenye mfuko aliofungiwa kiunoni, akampa mama yake. Mama akamnunulia juisi, mambo yakaisha. Nikaacha kazi nikamhoji kama polisi. Akasema kwenye shule ya mwanawe mzazi anaelezwa njia zilizopo, kisha anachagua: kadi za picha, au kukaa darasa la kawaida na msaidizi, au hiyo ya mezani. Wengine wanachanganya. Nilikuwa sijui kama kitu hicho kinawezekana.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Kanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, “Hapa si hotelini, mama, kwamba kila mteja anaagiza chake.” Watoto wote wa kitengo wako kwenye programu moja. Nilipong'ang'ania, akasema ombi la kubadili lipelekwe kwenye kamati ya shule, na liwe la wazazi wote wawili.

Kwa hiyo nakuhitaji. Niambie tu kwamba tuko pamoja, mengine nitahangaika nayo mwenyewe.

Mkeo,
Mama Bosi


17 Februari

Mama Bosi, mke wangu,

Salamu zimefika na fulana naivaa, ingawa wenzangu wananiita babu. Kifua kimetulia. Huku daraja linapanda, upepo nao unapanda, na mimi kutwa niko chini ya kreni namwonyesha dereva kwa mikono: shusha, simama, kushoto kidogo. Jioni mabega yananiuma kuliko ya wanaobeba vyuma. Bomba funga na kitambaa, nakuja.

Barua nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Hiyo ya kujikojolea imeniuma, sitaki kukudanganya. Lakini na wewe nisome mpaka mwisho.

Ile sauti uliyonitumia mwezi uliopita, Bosi akisema “Shikamoo baba”, unajua nimeisikiliza mara ngapi? Hata sijui mimi mwenyewe. Niliipigia kambi nzima wakati wa chakula. Mpishi, ambaye hata ukifa mbele yake hakuongezei mchuzi, aliniongezea nyama bila kuombwa. Nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Tangu mtoto huyu azaliwe nimekuwa nikiingia nyumbani kama fundi wa umeme, hanitazami, hanisemeshi, labda ananihitaji kufungulia kopo. Leo meza hiyo unayoilalamikia imenipa salamu ya mwanangu. Halafu wewe unaniambia tumtoe?

Kadi sizitaki. Mtoto akishajua kuna picha ya juisi, atahangaika na neno juisi la nini? Hata mimi ningekaa kimya nikanyoosha picha ya pilau. Najua unanicheka. Ila hapa sitanii. Mwache akae, anajifunza. Watoto wote hulia shule mwanzoni.

Wasalimie hapo dukani, na umwambie tajiri wako ile miwani yangu ya vumbi imeanza kulegea.

Mumeo,
Baba Bosi


3 Machi

Baba Bosi,

Huku wazima. Natumaini na wewe. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Hii ni ya tatu, na bado ina hasira, basi ipokee hivyo hivyo.

Nilikuficha kitu kwa sababu nilikusikia ulivyofurahi. Ile sauti sikuirekodi mimi, aliirekodi mwalimu. Nilikuwepo, ni siku ile ile niliyokaa nyuma ya darasa. Mwalimu alishika biskuti juu, akasema, “Sema shikamoo baba.” Bosi akajaribu kumshika mkono, ukarudishwa mezani. Wakarudia, wakarudia, mpaka mtoto akawa anatetemeka midomo, ndipo likatoka lile neno ulilopigia kambi nzima. Alikuwa anaitazama biskuti. Sasa akitaka chochote kile pale darasani anasema “shikamoo baba”. Akitaka kutoka, shikamoo baba. Kiatu kikimbana, shikamoo baba. Na nyumbani hasemi kabisa.

Sikwambii haya nikuumize. Ningekuwa na namna ya kukuachia furaha yako ningekuachia.

Na hilo la mikono nalo, naomba nikuulize kwa heshima zote, maana ni wewe unayenishangaza zaidi. Wewe kutwa nzima huongei na dereva wa kreni hata neno moja. Unaonyesha kwa mikono na anakuelewa, na tani za chuma zinatua pale pale ulipotaka. Mbona hakuna anayekuja kukushika mikono na kukuambia tumia mdomo?

Hatuko peke yetu. Tumekuwa wazazi kadhaa tunaokutana kwa kinyozi wa pale kona, jioni anapokuwa na wateja wachache. Mwanawe naye yuko kitengoni. Tena nikwambie ukweli ambao haunisaidii: yule mtoto meza imemfaa sana. Alikuwa anajigonga kichwa ukutani. Sasa anakaa, anahesabu, anaandika jina la baba yake. Kinyozi akisikia neno “badilisha” anasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu. Anaogopa tukilalamika sana kitengo kitafungwa na mwanawe atarudi kujigonga. Nimemwambia sitaki meza iondolewe. Nataka mwanawe aachwe mezani na mwanangu apewe kingine, na atakayeamua awe mzazi anayemjua mtoto. Bado hanielewi, lakini anaendelea kutukaribisha, na viti vyake ni vizuri.

Kamati inakaa Ijumaa, tarehe kumi na nne. Nitasimama niseme kwa niaba yetu sote wawili. Kama bado una shaka, nipigie, tugombane, nitakubali kugombana. Lakini usininyamazie, maana ukinyamaza nitajua umekubali.

Mama Bosi


15 Machi

Baba Bosi,

Jana nilisimama mbele ya kamati na wazazi wote. Nilikuwa nimevaa lile gauni la buluu. Nilisema vizuri, hata mimi nilijishangaa. Nikasema, “Mimi na baba yake tunaomba.” Mwalimu mkuu akaninyooshea kiganja kwa upole kabisa, akasema, “Mama, baba yake nimezungumza naye Jumatano kwa simu. Ameomba mtoto aongezewe na saa za mchana.”

Kuna mtu nyuma alicheka. Nilikaa chini. Kinyozi alinisogezea glasi ya maji.

Umenivua nguo mbele za watu, na hukuwa na adabu ya kunitangulizia hata ujumbe wa maneno mawili. Bosi anaanza saa za mchana Jumatatu.

Usinipigie.


24 Machi

Mke wangu,

Barua yako haikuwa na salamu wala jina mwishoni. Nimeikunjua na kuikunja mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nakusalimu mimi basi, na kama hutaki kupokea, iweke hapo mezani utaipokea siku nyingine.

Mwalimu mkuu alinipigia nikiwa kazini, kofia kichwani, kreni inaning'iniza mzigo. Aliniuliza swali moja: wewe kama baba unataka nini kwa mwanao? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Kila siku naulizwa nitatuma nini. Nikajibu kilichokuwa moyoni. Nilitaka nikwambie kwenye barua, nikasema niipange vizuri, na wewe ukanitangulia. Nimekosea hapo. Ilitakiwa ulisikie kwangu kwanza.

Lakini kilichokuwa moyoni bado kipo, na nitakuandikia, maana kwa mdomo siwezi. Naogopa. Naogopa siku mimi na wewe tutakapokuwa hatupo, na Bosi ni mwanamke mzima anayeshika watu mikono njiani. Wewe unaona mtoto anayeongea kwa mikono. Mtu wa nje ataona kichaa. Nani atakaa kumsikiliza? Mtu asiyejua kusalimu kwetu anahesabiwa hana kwao. Nataka awe na ile salamu hata kama nyuma yake hakuna kitu, iwe kama nguo tu ya kutokea nje. Hilo ndilo nililomwambia mwalimu mkuu, kwa maneno machache kuliko haya.

Nitukane, lakini niandikie.

Mumeo


12 Aprili

Mama Bosi,

Hujambo? Bosi hajambo? Nauliza kwa sababu sina njia nyingine ya kujua. Simu yako inaita mpaka inachoka. Nilimpigia dada yako akasema mko salama, akaniuliza hali ya hewa, akaaga. Hata yeye.

Juzi nilimpa dereva wa kreni ishara ya kushusha nilipotaka kusema simama, na kama si yeye kuwa na akili zake kungekuwa na msiba. Msimamizi aliniondoa pale nikae kivulini kutwa, kama mgonjwa. Nilikaa na kazi ya kuwaza tu.

Bosi anaendeleaje na mchana? Analala vizuri? Anakula? Niambie tu neno moja.

Nimeomba likizo. Wamenipa siku chache mwisho wa mwezi. Ukinijibu nitakuja, usiponijibu nitakuja.

Mumeo


19 Aprili

Baba Bosi,

Njoo. Njoo siku za shule, uende ukakae darasani mwenyewe. Mimi sina tena la kukueleza, maana nikieleza naonekana natia chumvi.

Siku hizo tuna kazi nyingi dukani, sitaweza kuomba ruhusa. Mchana utamwombea ruhusa zile saa za nyongeza, umchukue shuleni na ubaki naye nyumbani mpaka nirudi. Hujawahi kukaa naye peke yako kutwa.

Usilete zawadi.

Mama Bosi


9 Mei

Mke wangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja, likatengenezwa, tukafika. Natumaini ulinisamehe kuondoka alfajiri bila kuzungumza. Sikuwa na hasira. Nilijua nikianza kukwambia sitapanda basi. Sasa niko mbali na kalamu iko mkononi, nakuandikia kilichotokea siku ile uliporudi kutoka kazini ukakuta Bosi anatapika na mimi nikakwambia ni biskuti.

Asubuhi nilikaa nyuma ya darasa kama ulivyotaka. Na nikwambie kweli, niliona fahari. Alikaa wima. Mikono mezani. Aliambiwa gusa nyekundu akagusa nyekundu, akaambiwa nitazame akamtazama mwalimu usoni bila kupepesa. Nilijisemea, mke wangu ametia chumvi. Yule binti mwalimu alinitabasamia, anampenda mtoto, hilo nalithibitisha. Aliniambia, “Siku hizi hashiki mtu kabisa, baba. Ile tabia imekwisha.” Nikamshukuru. Nikanunua pakiti ya biskuti zile zile njiani, ili nyumbani niendeleze.

Tulifika jua kali. Nikawa natengeneza lile bomba, nimekata maji, Bosi anazunguka. Nikaona ameenda kwenye kabati, akalitazama jagi la maji kule juu. Kisha akaja, akavuta kiti, akakaa. Akaweka mikono mezani. Akanitazama.

Mama Bosi, hajawahi kunitazama hivyo. Yale macho yalikuwa yamenielekea mimi, baba yake. Nilifurahi mpaka nikaangusha spana. Nikasema, “Vizuri sana mwanangu,” nikampa biskuti. Akaila. Akabaki vile vile, mikono mezani, ananitazama. Nikampa nyingine. Nikaona kumbe ni rahisi hivi, mimi na mwanangu tunaelewana, kumbe tatizo lilikuwa ni mimi kukaa mbali. Nikampa ya tatu na kurudi kwenye bomba langu. Nilipogeuka alikuwa bado amekaa, na machozi yanamtoka bila sauti. Nikadhani anataka tena. Nikampa tena. Akaishika mkononi hakuila. Akasema, “Shikamoo baba.” Nikaitikia marahaba, na mimi nikalia, kwa furaha, mpumbavu mimi.

Kisha akashuka kwenye kiti, akaenda pale ulipoloweka nguo, akainama kwenye ndoo ya sabuni na kunywa.

Mtoto alikuwa na kiu. Alikuwa na kiu tangu tunaingia. Mimi nilikuwa namlisha biskuti kavu na kumsifu kwa kukaa vizuri. Mkono wangu ulikuwa pale pale karibu naye, angeushika tu, kama alivyokuwa akifanya, mimi ningeinuka nikalifuata jagi nikinung'unika kama siku zote. Hakuushika. Alikuwa amejifunza kwamba haushikwi.

Nilimtoa kwenye ndoo, nikampa maji, akanywa mengi, akatapika. Baadaye nikapiga magoti mbele yake nikamnyooshea mkono, nikamwambia, “Shika. Nipeleke unakotaka.” Akautazama. Akarudisha mikono yake mapajani.

Ulipoingia ukaniuliza kuna nini, nikasema biskuti.

Asubuhi nilipoondoka nilipitia shuleni kabla ya kwenda stendi. Nilimsubiri mwalimu mkuu getini mpaka alipokuja. Nikamwambia lile nililolisema kwenye simu nalifuta, aandike kwamba mimi na mama yake tunaomba kitu kimoja, na asipoandika nitarudi kukaa pale pale getini. Nadhani aliniona nimechanganyikiwa. Aliandika.

Niseme nini zaidi. Nilitaka salamu yake, nikaipata.

Baba Bosi


1 Juni

Mume wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na hizi ni za moyoni. Bosi mzima, anakula, na nimemnyima biskuti kabisa. Hapa naishi na beseni la maji kila chumba, nyumba imekuwa kama ya kufugia bata.

Barua yako niliisomea dukani, kosa langu mwenyewe. Nilisaga kioo cha mteja mpaka kikaharibika, na tajiri akanituma nyumbani. Nililia njiani bila kujificha. Nilikuwa nimekukasirikia kwa muda mrefu kiasi kwamba sikujua niiweke wapi ile hasira, nikaja kuishia kukuhurumia. Ningekuwa mimi ningempa biskuti vile vile. Mtoto akikutazama hivyo kwa mara ya kwanza, nani atakumbuka kiu?

Nimeisoma sehemu ya barua hiyo mbele ya kamati. Sikukuomba ruhusa, kwa hiyo tumelipana. Niliacha pale palipokuhusu wewe zaidi, nikasoma ya ndoo. Mwalimu wa kitengo aliinamisha kichwa. Baadaye alinifuata nje, akaniambia hivyo ndivyo alivyofundishwa na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Namwamini.

Kinyozi ndiye aliyeniacha mdomo wazi. Alisimama, ana nywele za mteja kwenye mikono ya shati, akasema, “Mimi nataka meza ibaki kwa ajili ya wangu. Na huyu mama apewe anachotaka kwa ajili ya wake. Mbona kwangu kila mtu ananyolewa anavyotaka na duka halijaanguka?” Watu walicheka, lakini hawakunicheka mimi safari hii. Wakakubali. Kuanzia muhula ujao mzazi ataelezwa njia zote tatu na atachagua, na anaweza kubadili mtoto akionekana kuumia.

Sasa subiri, usifurahi bado. Wametupa ruhusa, hawakutupa mwalimu. Hakuna hata mmoja pale anayejua kadi za picha, na wa kumleta hawana mpaka labda mwaka ujao, labda mwaka wa baada ya huo. Mwalimu mkuu akasema atakayechagua kadi sasa, mzazi mmoja aje akae darasani na mtoto kila siku, ajifunze na afundishe. Yule mama wa miwani iliyokaliwa amekubali kutuonyesha mwanzo. Asiye na mzazi wa kukaa atabaki mezani. Nilitoka pale nimeshinda, na nilipofika getini nikahisi kama sijapata chochote. Mama wawili niliokuwa nao walishaanza kusema basi, wao hawawezi kuacha kazi.

Nimekaa na jambo hili mpaka kichwa kinaniwaka. Nimeamua. Nitamwambia tajiri mwisho wa mwezi kwamba naacha. Unajua ninavyoipenda kazi ile. Mtu anaingia amekodoa macho, anatoka anasoma bango la ng'ambo ya barabara, ananishika mkono kwa furaha. Nitaikumbuka. Nakwambia hivyo kwa sababu nataka mtu mmoja ajue kwamba naiacha kwa uchungu, na nikisema kwa wengine nitaonekana simpendi mwanangu.

Bosi bado hashiki mtu. Nasubiri.

Mkeo,
Mama Bosi


13 Juni

Mama Bosi, mke wangu,

Salamu, na hii itakuwa fupi kwa sababu dereva wa lori la saruji anapiga honi nje na ndiye anayeichukua.

Usiache kazi. Kama umeshamwambia tajiri, rudi umwambie ulikuwa na homa. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Walinipa mpya nisaini, nimeurudisha kama ulivyo. Msimamizi aliniuliza kama nimepata kazi bora, nikamwambia nimepata kazi ya kukaa kwenye kiti kidogo kando ya meza. Hakuelewa, lakini alinipa mkono. Tutabana, tutaishi kwa kioo chako, na mwisho wa wiki sitakosa paa la mtu la kutengeneza. Kwa miaka yote hii mimi ndiye niliyeondoka. Sasa nawe uende kazini asubuhi ukijua kuna mtu amebaki.

Usinisifu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya daraja. Sijui kadi, sina subira, na wewe unajua nikishindwa huwa napandisha. Huku nikikosea wenzangu wanapiga kelele, mzigo unasimama hewani. Nimeshaona mwanangu jinsi anavyonyamaza ninapokosea. Kwa hiyo nakuomba wewe ndiye upige kelele. Ukirudi jioni ukaona nimemharibia, niambie hapo hapo, mlangoni, kabla hujavua viatu, hata kama kinyozi na mtaa mzima wanasikia. Usiniandikie.

Hii nayo usiijibu. Jibu litanikuta nimeshaondoka.

Baba Bosi